Dhamana ya Uongozi Katika Taasisi Inayoendeshwa kwa Mifumo

Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, kuanzia dirisha la malipo la hospitali ya wilaya hadi kaunta ya chama cha akiba na mikopo, jibu ambalo mwananchi hupewa mara kwa mara jambo lake linapokwama ni kwamba mfumo umekataa. Mhudumu anayelitoa jibu hilo kwa kawaida hasemi uongo, kwa sababu anachokiona ni maandishi mekundu kwenye skrini, hana kitufe cha kuyapita, hajui nani aliyeweka sharti lililomzuia, na msimamizi wake akiulizwa atasema hayo hayo. Linalopaswa kuwashughulisha viongozi ni kwamba katika mlolongo huo wote hajulikani mtu ambaye anaweza kuambiwa kwamba uamuzi huo ni wake na kwamba ana uwezo wa kuurekebisha. Makala hii inawalenga wajumbe wa bodi, mameneja, waganga wafawidhi, wakuu wa shule na makatibu wa vyama, na ushauri wake wote unatokana na hoja moja: kiongozi anayeingiza kompyuta katika kazi za taasisi yake anabaki na wajibu wa kulijibia kila jambo ambalo kompyuta hiyo inalifanya, na asipoupangia wajibu huo watu, muda na madaraka tangu mwanzo, watakaoubeba ni wanyonge wa chini kabisa, yaani mhudumu na mteja.

Mfumo, kwa maana inayotumika hapa, ni programu ya kompyuta pamoja na kanzidata yake, yaani hazina ya kumbukumbu zilizopangwa ili zitafutwe na kujumlishwa kwa haraka, pamoja na mtandao unaounganisha matawi, na zaidi ya yote masharti ambayo waliouunda waliyaandika ndani yake. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Chama kinaponunua programu ya mikopo kinanunua pia maamuzi ya mtu fulani kuhusu siku ambayo faini ya kuchelewa huanza kuhesabiwa, kuhusu kama rejesho linaloangukia siku ya Idi litachukuliwa kuwa limechelewa, na kuhusu kama fedha inayopokelewa itapunguza kwanza faini, riba au deni la msingi. Kabla ya kompyuta mambo hayo yaliamuliwa na afisa mikopo akiwa na masharti ya chama mezani na mwanachama mbele yake, na palipokuwa na utata kamati ya mikopo iliitishwa. Sasa huamuliwa mara moja tu, pengine na mwandishi wa programu ambaye hajawahi kuyasoma masharti ya chama hicho, kisha uamuzi huo hurudiwa kwa kila mwanachama kila mwezi bila mtu yeyote kuushuhudia ukifanyika. Kwa hiyo kiongozi makini hataruhusu mfumo uanze kazi kabla muuzaji hajakabidhi orodha ya masharti yote yaliyomo, iliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho mjumbe wa kawaida wa bodi anaweza kukifuata, na kabla bodi haijayapitisha moja baada ya jingine kama inavyopitisha kanuni nyingine. Kazi hiyo inachosha na wauzaji wengi hawajaizoea, lakini bodi isiyoyajua masharti hayo imekwisha kukabidhi sehemu ya madaraka yake kwa mtu ambaye wanachama hawakumchagua.

Haya hayasemwi kwa nia ya kuibeza teknolojia. Wahenga walionya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na historia ya fedha za umma katika nchi hizi imejaa vitabu vya risiti bandia, makusanyo yaliyolala mfukoni mwa mkusanyaji na leja zilizochanwa kurasa siku chache kabla ya ukaguzi. Tangu mwaka 2017 Serikali ya Tanzania imekuwa ikikusanya malipo yake kupitia mfumo wa kielektroniki unaompa kila mlipaji namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo mitaani huitwa kontrol namba, na kwa kuwa fedha huenda benki au hupitia simu bila kuguswa na mhudumu, mianya mingi ya zamani imezibwa. Faida hizo ni za kweli, na taasisi inayozikataa kwa hofu itabaki na hasara ilizozizoea. Tatizo ni kwamba imani iliyojengwa na faida hizo huwafanya viongozi wengi wasiwe tayari kuamini kwamba daftari jipya linaweza lenyewe kuzua hasara isiyokuwepo.

Hakuna tukio linaloonyesha hatari hiyo kwa uwazi zaidi kuliko lile la shirika la posta la Uingereza, Post Office. Mwaka 1999 shirika hilo lilianza kusambaza katika matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliojengwa na kampuni ya ICL, ambayo baadaye ilichukua jina la mmiliki wake, Fujitsu ya Japani. Matawi mengi ya posta nchini humo huendeshwa na watu binafsi kwa mkataba, mara nyingi ndani ya duka la mtaa au la kijiji, na shirika liliuchukulia mkataba huo kana kwamba unamtaka mwendesha tawi alipe kila upungufu unaoonekana kwenye hesabu, hata kama chanzo chake hakijulikani. Mfumo ulipoanza kuonyesha upungufu wa uongo, baadhi yao walilipa kwa akiba zao na kwa mikopo ya ndugu, na waliopiga simu kituo cha msaada waliambiwa, wengi wao, kwamba hakuna mwingine mwenye shida kama yao. Katika kipindi cha kuanzia 1999 hadi 2015 watu zaidi ya 900 walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu wa hesabu. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika na wapo waliojitoa uhai. Alan Bates, aliyeendesha tawi katika mji wa Llandudno, Wales, na ambaye alivunjiwa mkataba mwaka 2003 baada ya kukataa kuubeba upungufu asioutambua, aliwakusanya wenzake hadi wadai 555 wakafungua shauri kwa pamoja, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuzalisha upungufu wa aina hiyo. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria maalumu ya kuzifuta kwa mkupuo hukumu za waliotiwa hatiani.

Kasoro moja iliyogunduliwa mwaka 2015 inastahili kutazamwa kwa karibu. Katika tawi la Dalmellington, Uskoti, mhudumu alikuwa akihamisha pauni 8,000 taslimu kwenda kituo kidogo cha huduma. Skrini ilipoganda alibonyeza tena kitufe cha kuthibitisha, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na kila alipobonyeza mfumo uliandika uhamisho mpya bila kumwonyesha, hata vitabu vikasoma kwamba pauni 32,000 zimehamishwa. Pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwepo mahali popote zikawa upungufu wa tawi. Mtu aliyewahi kusimama kwenye kaunta ya wakala wa fedha za simu siku ya mwisho wa mwezi, mtandao ukiwa mzito na foleni ikinung'unika, anaielewa hali hiyo bila maelezo zaidi.

Kasoro za programu ni jambo la kawaida, na hakuna mfumo mkubwa uliowahi kukosa kasoro. Kilichowaangamiza waendesha matawi wa Post Office ni mpangilio wa uongozi uliozizunguka kasoro hizo: kituo cha msaada kilipokea malalamiko bila kuyajumlisha, wachunguzi walianza na dhana kwamba upungufu ni wizi, na wakuu wa shirika walikana kwa miaka mingi kwamba mafundi wa Fujitsu walikuwa na uwezo wa kuingia kwenye hesabu za tawi kutoka mbali na kuzibadilisha bila mwendesha tawi kujua, ilhali uwezo huo ulikuwepo. Sheria nayo iliwaelemea, kwa kuwa tangu mabadiliko yaliyofanywa mwaka 1999 mahakama za Uingereza zilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka upande wa pili uonyeshe vinginevyo, na mwenye duka la kijiji angewezaje kuonyesha vinginevyo wakati kumbukumbu zote za kasoro ziko mikononi mwa anayemshtaki? Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo inaitaka mahakama, inapoupima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie namna kumbukumbu ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyolindwa isichezewe. Kiongozi anapaswa kulisoma sharti hilo kama mwongozo wa utawala wa kila siku, bila kusubiri kesi: taasisi isiyoweza kueleza jinsi mfumo wake ulivyofikia takwimu fulani haina haki ya kimaadili ya kumkata mtumishi mshahara kwa takwimu hiyo.

Mahali ambapo hatari hii inawafikia wananchi wengi zaidi ni katika malipo ya simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na leo vyama vingi vya akiba na mikopo hupokea marejesho na michango kwa njia hiyo. Muamala mmoja wa aina hii hupita katika mifumo miwili au mitatu isiyokuwa chini ya uongozi mmoja: simu ya mwanachama hutoa agizo, kampuni ya simu hukata fedha kwenye salio lake na kumtumia ujumbe, kisha taarifa hupelekwa kwenye mfumo wa chama ili deni lipunguzwe. Mawasiliano yakikatika baada ya hatua ya pili na kabla ya hatua ya tatu, mwanachama ana ujumbe unaothibitisha kwamba amelipa na chama kina leja inayoonyesha kwamba hajalipa, na wote wawili wanasoma kumbukumbu halisi. Vilevile mwanachama akikosea tarakimu moja ya namba yake ya uanachama, fedha huingia kwenye akaunti ya chama bila kujulikana ni ya nani, na wahasibu huiweka katika akaunti ya muda, ambayo kazi yake ni kuhifadhi fedha zinazosubiri kutambuliwa. Mfumo, usiojua lolote kuhusu akaunti hiyo ya muda, huendelea kumtoza mwanachama faini ya kuchelewa.

Tiba yake ni kazi ya kila siku isiyo na mvuto wowote, nayo ni kuoanisha orodha ya miamala iliyotolewa na kampuni ya simu au benki na orodha ya mfumo wa chama, mstari kwa mstari, kabla ofisi haijafungwa. Bodi inashauriwa kumteua mtu mmoja kwa cheo chake kuwa mwenye dhamana ya kazi hiyo, kumwekea muda ambao fedha isiyotambuliwa haiwezi kuuvuka bila taarifa kufika kwa meneja, kuagiza kwamba faini isihesabiwe katika kipindi chote ambacho lalamiko la mwanachama liko wazi, na kulidai salio la akaunti ya muda katika kila kikao, kwa sababu tarakimu hiyo inaeleza afya ya mfumo kuliko ripoti yoyote ya kurasa nyingi. Salio linaloongezeka mwezi baada ya mwezi lina maana kwamba mahali fulani fedha za watu zinapokelewa na madeni yao hayapungui.

Utaratibu huo hautafanya kazi ikiwa wahudumu wa mbele wataendelea kuwa wabonyezaji tu. Zamani thamani ya karani ilikuwa katika kuandika kwa usahihi na kwa mwandiko safi. Leo mashine inaandika, na kilichobaki kwa karani, ambacho ni kigumu zaidi, ni kueleza, kutilia shaka na kurekebisha. Taasisi nyingi zimeibadilisha kazi bila kubadilisha madaraka wala mafunzo, na hapo ndipo lile jibu la kwamba mfumo umekataa linapozaliwa. Mhudumu apewe uwezo wa kusahihisha kosa lililo wazi hadi kiwango ambacho bodi imekiweka, kwa maelezo ya maandishi na kwa idhini ya mtu wa pili. Kwa kosa linalozidi kiwango hicho ampe mteja karatasi yenye tarehe, jina la afisa atakayelishughulikia na siku ya kurudi. Kando yake kuwe na daftari la hitilafu, la karatasi kabisa, ambamo kila tukio lisiloeleweka huandikwa siku hiyo hiyo hata kama limejitengeneza lenyewe. Malalamiko matatu yanayofanana kutoka matawi matatu yasiyojuana ni ushahidi, na Post Office ilikuwa na mengi ya namna hiyo ila hapakuwa na aliyetakiwa kuyaweka kwenye ukurasa mmoja.

Nywila zinahitaji neno kali. Mifumo mingi ya fedha imejengwa ili mmoja aingize muamala na mwingine auidhinishe, lakini meneja anapokwenda semina ya siku tano na kumwachia mhasibu nywila yake ili kazi zisilale, kinga hiyo imekufa, na kumbukumbu za mfumo zitaendelea kumtaja meneja kuwa ndiye aliyeidhinisha. Upungufu, ambao makeshia huuita shoti, ukitokea katika juma hilo, hakuna uchunguzi utakaoweza kumtenga mwenye kosa na asiye na kosa. Dawa ni kuwa na muidhinishaji wa akiba mwenye nywila yake mwenyewe, na kumdai muuzaji wa mfumo aoneshe kwa maandishi ni nani katika kampuni yake anaweza kuingia kwenye kumbukumbu za taasisi, kwa idhini ya nani, na ni wapi kila kuingia kwake kunaandikwa mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kufuta. Mkataba huo huo useme kwamba taarifa ni mali ya taasisi na zitatolewa katika muundo unaosomeka siku ambayo uhusiano utakwisha.

Ujio wa akili mnemba, yaani programu zinazojifunza kutokana na kumbukumbu za nyuma na kutoa makisio au maamuzi bila kuandikiwa kila sharti, unaongeza ugumu, maana safari hii hata muuzaji huenda asiweze kukabidhi orodha ya masharti. Wakenya waliuzoea mwelekeo huo mapema, kwani huduma ya M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ilitoa mikopo midogo kwa kumpima mtu kutokana na matumizi yake ya simu, bila afisa mikopo wala mdhamini. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinamgusa anayefanyiwa uamuzi na mashine peke yake, zikimpa nafasi ya kudai kwamba uamuzi huo uangaliwe upya. Nafasi hiyo ni maneno matupu ikiwa ndani ya taasisi hakuna mtu mwenye ujuzi, muda na ujasiri wa kuuangalia. Australia ilijifunza hilo kwa gharama kubwa: kuanzia mwaka 2016 serikali yake ilitumia mpango uliokuja kujulikana kama Robodebt, ambao ulichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima, ukakigawa sawasawa katika vipindi 26 vya wiki mbili mbili, kisha ukawadai waliopokea misaada ya serikali kana kwamba walikuwa wakipata kipato hicho kila kipindi. Mtu aliyefanya kibarua miezi sita na kukaa bila kazi miezi sita alihesabiwa kuwa alikuwa na mshahara mwaka mzima, na yeye ndiye aliyetakiwa kutafuta hati za mshahara za miaka iliyopita ili kujitetea. Tume ya Kifalme iliyouchunguza mpango huo na kutoa ripoti yake mwaka 2023 ilionyesha kwamba tahadhari za kisheria zilikuwa zimetolewa mapema ndani ya serikali yenyewe. Hesabu iliyotumika ni ya kiwango cha shule ya msingi. Kilichokosekana ni kiongozi wa kuuliza kama wastani unaweza kumwakilisha kibarua.

Kwa sababu hiyo kiongozi anayeyatazama mambo kwa njia ya grafu za rangi kwenye skrini ya ofisini anashauriwa kuziamini kwa kiasi, na kukaa kwenye kaunta mwenyewe siku moja nzima, hasa siku yenye msongamano, akiwa nyuma ya mhudumu bila msafara. Grafu itamwambia kwamba wateja 200 wamehudumiwa. Kaunta itamwonyesha mama aliyerudi kwa mara ya tatu kwa suala lile lile na akahesabiwa kila mara kuwa amehudumiwa.

Taasisi ambazo hazijanunua mfumo zina nafasi ya kuyapanga haya yote mapema, ikiwa ni pamoja na kuendesha leja ya zamani sambamba na mfumo mpya mpaka hesabu zifungane kwa miezi kadhaa mfululizo. Zile ambazo mfumo wake una miaka mingi zinadaiwa kazi nyingine, na hiyo ndiyo wengi watakayoikwepa. Bodi iagize mafaili ya watumishi wote waliokatwa mshahara, waliosimamishwa au waliofukuzwa kwa sababu ya upungufu tangu siku mfumo ulipowashwa, pamoja na ya wanachama waliouziwa dhamana zao kwa madeni waliyoyapinga, iyakabidhi kwa mkaguzi asiyehusika na ununuzi wa mfumo huo, na imtake aoneshe katika kila faili ni kitu gani, mbali na takwimu ya kwenye skrini, kilichothibitisha kwamba fedha hizo zilipotea kweli. Faili litakalokuwa na skrini peke yake lifunguliwe upya, na mwenye nalo aitwe kwa barua iliyotiwa saini na mwenyekiti.